Kabureta ya Midomo Minne

Suhaila aliisikia ile gari kabla ya kuiona. Ilikuwa bado iko chini, kwenye kona ya msikiti wa Madungu, inakohoa na kukosa mapigo, na ilipojikaza kupanda mlima ilitoa mripuko mmoja wa bomba la moshi uliowarusha kuku wa jirani. Halafu kimya.

Aliweka bisibisi chini, juu ya gunia.

"Wameichezea," alisema.

Mama yake, Bi Mwatima, alikuwa amekaa kizingitini anasuka ukili wa mkeka. "Nani kachezea nini?"

"Kabureta yangu, mama. Wamezungusha skurubu zangu. Ile gari inakunywa mafuta mpaka inapaliwa. Sikiliza. Haya, ishazima."

"Gari ya watu hiyo, si yako."

"Gari ya watu. Kabureta yangu."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, asitokee mtu wa kumbishia. Ile Mustang nyekundu, gari ya Kimarekani ya mwaka wa sabini, aliileta marehemu baba wa Haroub, mchumba wa Suhaila, kwa meli kutoka Muscat, ikashushwa Mkoani watu wamejaa bandarini kuitazama. Alipofariki, ilisukumwa ndani ya banda huko Wingwi, ikarundikwa magunia ya karafuu juu ya kiti cha nyuma, ikakaa miaka kumi na minane. Mpaka leo ukiifungua mlango siku ya jua inanukia karafuu kuliko petroli. Miezi minne nyuma Haroub aliondoa magunia, akaifungua ile kabureta kuukuu, akaizungusha Chake Chake nzima ndani ya mfuko wa unga akitafuta fundi. Kila duka la spea lilimjibu neno moja: nenda kwa binti Vuai.

Fundi Vuai, Mungu amrehemu, hakuacha mali. Aliacha boksi la spana na binti aliyekuwa akisikiliza injini tangu hajui kusoma. Wavuvi wa Kisiwa Panza walikuwa wakileta kabureta za mashine zao za boti kwa Suhaila, wakimwita fundi na kumsalimu kwa adabu.

Siku ya kwanza alimwambia Haroub bila ya kumumunya maneno. Kabureta yenu ina midomo miwili tu ya kulishia injini, naweza kuisafisha, lakini injini hii ina njaa. Haroub akampigia dada yake Muscat. Ikaja mpya, ya midomo minne, pamoja na manifodi yake, lile dude la chuma linalopokea mafuta na hewa kutoka kwenye kabureta na kuyagawa ndani ya injini. Suhaila akabadilisha vyote. Alikata gaskiti ya kuzibia maungio kwa mkono, akanyoosha mpira wa mafuta, akaunga upya waya wa kukanyagia mafuta. Haroub kazi yake ilikuwa kushika tochi, na hata hiyo ilimshinda.

"Tochi, Haroub. Injini iko huku."

"Samahani. Nilikuwa natazama..."

Bi Mwatima, pale kizingitini, alikohoa kidogo, na tochi ikarudi mahali pake.

Hivyo ndivyo walivyopendana, mchana, mlango wazi, mama mtu anawaona. Siku injini ilipowaka, Suhaila alifanya kama alivyokuwa akifanya baba yake. Alijaza kikombe cha kahawa maji mpaka juu, akakiweka juu ya kifuniko cha injini, akazungusha skurubu mbili za hewa robo kwa robo, sikio liko kwenye chuma, mpaka maji yakatulia bila ya kumwagika tone. Haroub alikitazama kile kikombe, kisha akamtazama yeye. Wiki ya pili barua ya posa ikaja, ikajibiwa. Ndoa Ijumaa.

Halafu, Alhamisi iliyopita, ikaja ile video.

Ilipita kwenye simu za watu wote wa Madungu. Wingwi, uwanjani kwa kina Haroub, wanaume wamezunguka gari, injini inanguruma. Mzee Nassor, ami yake Haroub aliyemlea tangu baba yake alipofariki, amesimama na bakora yake, machozi yanamtoka waziwazi. Anauliza, "Nani fundi wa kazi hii?" Haroub anatazama chini. Anamwekea mkono begani rafiki yake kutoka Unguja, kijana mmoja anaitwa Mwalim, anayejua kuendesha gari na kujipulizia mafuta mazuri, basi. "Ni huyu, ami. Fundi Mwalim." Na Mzee Nassor anainua mikono anaomba dua, Mola aibariki mikono ya fundi huyu, na wanaume wote wanaitikia amin.

Suhaila aliitazama mara saba. Mara ya saba aliiweka simu chini, akaenda kunawa mikono ilhali haikuwa michafu.

Leo ilikuwa Jumanne, siku ya Mzee Nassor kuja kusikiliza mahari. Na sasa huyo hapo Haroub, anaingia uani peke yake, kanzu imemganda mgongoni, anahema.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam," alijibu Bi Mwatima peke yake, macho yako kwenye ukili.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba. Mbona kwa miguu?"

"Gari imezima pale msikitini. Ami yumo ndani." Akageuka. "Suhaila."

Suhaila alikuwa ameinamia kabureta ya boti. Hakuinua kichwa.

"Suhaila, nakwita."

"Mwite fundi Mwalim."

Haroub alifumba macho. "Umeiona."

"Madungu nzima imeiona! Mardhiya kanisimamisha dukani, kanambia, 'Mwenzangu, kumbe ile gari siye weye ulotengeneza? Na makelele yote yale ya miezi mine?' Kanambia mbele za watu, Haroub. Nimesimama na mkate wangu mkononi sina la kumjibu. Ningemwambia nini, kuwa mchumba wangu mwongo?"

"Ntakueleza yote, wallahi. Lakini si saa hii. Ami yuko juani, na hasira zishampanda. Nambie tu kitu kimoja."

"Kipi?"

Akashusha sauti. "Jana ami kamwambia Mwalim aiongeze nguvu mbele ya wageni. Kachukua bisibisi, kazungusha, hata sijui kazungusha nini. Nambie skurubu gani na mara ngapi. Mie nende nikazungushe mwenyewe, gari iwake, nimlete ami hapa mlangoni kwa heshima zake. Weye uingie ndani unawe mikono, ubadilishe nguo. Mambo yaende."

Ukili wa Bi Mwatima ulisimama.

Maneno mengine yakishamtoka mtu hayana wa kuyaokota. Haroub mwenyewe aliyasikia yakianguka, akataka kusema lingine juu yake, lakini Suhaila alikuwa keshanyanyuka.

"Rudia."

"Suhaila..."

"Rudia, mama asikie vizuri. Nikupe kazi yangu kwa siri, ukaifanye wewe, kisha nijifiche ndani mikono isionekane. Ndivyo ulivyosema au nimekosea?"

"Sikusema ujifiche."

"Ulisema ninawe na nibadilishe nguo. Nimefanya nini, nimeua?"

"Nilifanya kwa ajili yetu!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Ami mtu wa zamani. Ningemwambia fundi ni wewe, angeuliza nimekujuaje, tulikuwa wapi, nani alikuwapo. Posa ingevunjika siku ile ile. Nikaona bora aniozeshe kwanza, halafu pole pole nimwambie."

"Nani alikuwapo?" Suhaila alimnyooshea kidole mama yake, kidole cheusi mpaka kwenye kiungo. "Huyu alikuwapo! Miezi mine kakaa pale mpaka mgongo unamuuma, kashamaliza ukili wa mikeka sita, ili siku mtu kama ami yako akiuliza nani alikuwapo, apatikane wa kumjibu. Kila kitu tumekifanya kwa adabu yake. Hatukuwa na la kuficha hata moja, Haroub. Weye ndiye uliyetutafutia la kuficha."

Haroub aligeuka kuutazama mlango.

"Na nini chengine umemwambia? Anajua nafanya kazi gani?"

"Suhaila, ami ananingoja."

"Anajua nafanya kazi gani?"

Alijikuna shingo. "Nilimwambia unashona."

"Nashona!"

"Nguo za watoto."

Bi Mwatima aliachia kicheko kikavu. "Huyu? Huyu kifungo cha baibui lake namtilia mie."

Suhaila hakucheka. Macho yalikuwa yanamwaka, na ndani ya ule moto machozi yalikuwa yanatafuta njia, naye akayakataza. Alimpenda mtu huyu, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hampendi angempa zile skurubu akaondoka nazo.

"Siku ile ya kikombe," alisema, sasa pole pole, "ulisimama hapo ulipo. Ukasema mbele ya mama kuwa hujapata kuona mtu anayesikiliza chuma kikamjibu. Nililala na maneno yale, Haroub. Nikasema, mtu keshaniona nilivyo, keshanipenda nilivyo, nataka nini tena? Kumbe unaniona humu uani tu. Ukitoka pale mlangoni hunijui."

"Nakupenda popote."

"Wingwi ulinipenda? Kwenye video ile ulinipenda?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa ami yako ukanitupa mie. Sasa mie ntaolewa na nani, na wewe au na woga wako? Maana nyumba yenyewe ni moja."

Haroub alipiga hatua moja mbele, akasita kwa sababu ya mama mtu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa na anajua amekosa, na macho yake mazuri, yale yaliyomfanya Suhaila apoteze hesabu ya mizunguko mara ngapi, yalikuwa yanamwomba. Suhaila aliyaona. Akageuza uso, kwa sababu angeyatazama zaidi yangemshinda.

"Hodi! Hodi hapa!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Nassor mlangoni, na bakora yake inagonga ukuta.

Haroub alimtupia Suhaila jicho la haraka, kisha jicho likashuka kwenye mikono yake, kisha likaelekea kwenye pipa la maji. Nenda kanawe. Hakusema, lakini alisema.

Suhaila aliiona ile ishara yote. Akavuta kanga yake kichwani, akasimama palepale, mikono mbele.

"Karibu, Mzee Nassor, karibu ndani," alisema Bi Mwatima, anasogeza kiti.

Mzee aliingia, mrefu, kanzu imelowa jasho, kofia imekaa upande. Akasalimia kwa utaratibu wake wote, hali za nyumbani, hali za kazi, hali za jamaa, joto halikumpunguzia salamu hata moja. Alipokwisha kukaa na kunywa maji ndipo akamwona aliyesimama pembeni.

"Na huyu binti?"

Alimuuliza Haroub. Haroub akafungua mdomo. Pumzi moja ikapita, na ya pili.

Hata sasa, alisema Suhaila moyoni. Hata sasa!

"Mie ndiye Suhaila, Mzee Nassor. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mashaallah." Kisha macho ya mzee yakafika kwenye mikono. "Mbona umejaa masizi?"

"Mafuta ya mashine, Mzee."

"Cherehani inatoa mafuta yote hayo?"

"Sina cherehani."

Mzee Nassor aligeuka kumtazama Bi Mwatima, naye Bi Mwatima akauweka ukili chini. "Mzee Nassor, umekuja kusikiliza mahari. Kaka yake, walii wake wa kumwozesha, anakuja kesho na meli, na keshasema atakalotaja mwenyewe binti na yeye karidhia. Kwa desturi angenambia mie, mie nikwambie wewe. Leo mwache aseme kwa mdomo wake. Ana yake moyoni."

"Haya. Sema, mwanangu. Usione haya."

"Mahari yangu ni kabureta," alisema Suhaila.

"Nini?"

"Kabureta. Ile mpya, ilomo ndani ya gari yenu. Sitaki kitanda, sitaki dhahabu. Nataka ile, na nataka itajwe. Siku hizi mashehe wanasema 'kwa mahari waliyoelewana', watu wanaitikia, hakuna anayejua kilichoelewanwa. Yangu isifichwe. Itajwe msikitini mbele ya mashahidi, kabureta, na itajwe nani kaifunga."

Mzee Nassor alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake anayecheka, akaacha. "Binti, ile kaifunga fundi Mwalim. Nilikuwapo alipotajwa."

"Muulize mwana wa ndugu yako."

Sasa hapakuwa na mlango wa kutokea. Haroub alisimama katikati ya ua, jua linampiga utosini, watu watatu wanamngoja. Alimtazama Suhaila, na Suhaila hakumsaidia.

"Kaifunga Suhaila, ami," alisema. "Yote. Mwalim hajui hata kufungua boneti. Na sasa hivi nilikuja kumuuliza kwa siri dawa ya gari."

Mzee Nassor alishika bakora kwa mikono miwili.

"Mwanamke?"

"Ndiyo, ami."

"Mwanamke anayelala chini ya magari ya watu ndiye uliyenileta kumposea? Mwana wa ndugu yangu? Unanifanya nini mbele ya watu wa Wingwi, Haroub?"

Hapo ndipo Bi Mwatima alipoinuka, na mtu aliyemjua Bi Mwatima angejua kuwa hainuki bure.

"Mzee Nassor, naheshimu ujio wako. Lakini mwanangu halali chini ya gari. Kabureta iko juu! Iko juu ya injini, ukifungua tu hiyo boneti unaiona. Mwanangu kafanya kazi kasimama wima, kajitanda kanga yake, na mie nipo hapa hapa nawatazama. Kama kuna aibu katika hilo nioneshe, maana mie nimekaa miezi mine sikuiona."

"Bi Mwatima, mie sikusema..."

"Umesema."

Suhaila alimgusa mama yake mkono, akaacha alama nyeusi kwenye kanga. Kisha akamgeukia mzee.

"Mzee Nassor, Alhamisi uliinua mikono ukaomba dua. Ulisema Mola aibariki mikono ya fundi huyu. Nimekusikia, nimekuona ukilia. Ulikuwa unaiombea mikono ya nani?"

Mzee aliirekebisha kofia yake.

"Maana kama ilikuwa ya aliyeifanya kazi, basi ndiyo hii." Aliinyoosha yote miwili mbele yake, weusi wa mafuta umejaa kwenye kucha. "Na kama leo inakutia aibu, uiombee upya, useme ulikosea. Lakini usimpe dua yangu mtu mwengine. Gari kashapewa, jina kashapewa. Na dua pia?"

Mzee Nassor aliitazama ile mikono. Ni mtu aliyekuwa akiamini kuwa dua ikishatoka haina kurudi, na alikuwa ameiomba kwa moyo wake wote, maana tangu azikwe ndugu yake hakuwa amesikia ngurumo ile. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo. Alipoinuka, hakumwelekea Suhaila. Alimwelekea Haroub.

"Umenifanya nimuombee mwongo."

"Ami, nisamehe."

"Umenitoa machozi mbele ya watu kwa ajili ya kijana anayenuka marashi! Kisha ukampa bisibisi akaiharibu gari ya ndugu yangu, nikakaa juani saa nzima nakungoja, kumbe umekuja huku kumwibia binti wa watu kazi yake mara ya pili. Sikukulea hivi." Bakora iligonga ardhi. "Mie na binti hatuna neno. Kazi yake mtazungumza wenyewe nyumbani kwenu, mie bado sijaizoea na sitosema nimeizoea. Neno langu ni na wewe."

Suhaila alikuwa keshaokota bisibisi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Haroub.

"Kwenye gari. Si kwa ajili yako. Siwezi kukaa hapa na najua iko pale inapaliwa."

Wakateremka wote wanne mpaka kona ya msikiti, na kwa kuwa ni Madungu, walipofika walikuwa si wanne tena. Suhaila alifungua boneti mbele ya macho ya watu. Harufu ya petroli ikampiga, na chini yake, kwa mbali, karafuu. Alizikaza skurubu mbili pole pole mpaka zikagota, akazirudisha mzunguko mmoja na nusu kila moja. Mwalim alikuwa amezifungua karibu kuzing'oa.

"Ingia," alimwambia Haroub. "Kanyaga mafuta mpaka chini, ushikilie hapo hapo. Usipigepige. Washa."

Ilikohoa, ikatoa wingu jeusi, ikashika. Suhaila akainamisha sikio, akazungusha robo, akangoja, akarudisha kidogo. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila ya kutazama, na mama yake akampa kikombe cha kahawa kilichojaa maji. Akakiweka juu ya kifuniko. Maji yalitetemeka, yakatulia. Hakuna tone lililomwagika. Mzee Nassor alikitazama kikombe muda mrefu, midomo yake inacheza, na ingawa hakutoa sauti, mikono yake ilikuwa imefunguka kidogo mbele ya kifua.

Haroub alishuka, akaja karibu naye kiasi cha adabu.

"Suhaila. Ijumaa..."

"Ijumaa msikiti una spika," alisema Suhaila, anafuta bisibisi kwa kitambaa. "Mie ntakuwa nyumbani nasikiliza. Ukinitaja na kazi yangu, mimi mkeo. Ikipita 'mahari waliyoelewana', umuoe huyo mshonaji wako wa nguo za watoto. Mie simjui."

Akapanda mlima bila ya kugeuka. Alifika chumbani ndipo alipolia.

*

Ijumaa baada ya Alasiri nyumba ilijaa wanawake, udi unafuka, na Suhaila amekaa katikati yao mikono imepambwa hina, ila pembeni mwa kucha bado pamebaki mstari mweusi ambao hina haikuuficha. Ule moto wake wa Jumanne ulikuwa umezimika, hakula, hakucheka. Bi Mwatima alifungua dirisha lililoelekea msikitini.

"Kimya, jamani. Wanaanza."

Spika ilikwaruza. Khutba ikasomwa. Kisha sauti ya shehe, ya upole na mazoea: "Kwa idhini ya kaka yake, nimekuoza Suhaila binti Vuai, kwa mahari waliyoelewana..."

Suhaila alifumba macho.

"...Sema, mwanangu: nimekubali."

Spika ilinyamaza. Pumzi moja ikapita, na ya pili. Kimya hicho Suhaila alikuwa anakijua. Alikwisha kukisikia uani kwao Jumanne, na alijua kinaishia wapi. Akaanza kuivua bangili ya mkono wa kulia.

"La, Shehe."

Chumba kizima kiliinua vichwa.

"Samahani, Shehe," ilisema sauti ya Haroub, imekauka, inatetemeka. "Si waliyoelewana. Itajwe."

"Mwanangu, hii ndiyo ada ya..."

"Itajwe, Shehe. Mahari yake ni kabureta ya gari ya marehemu baba yangu. Kaifunga Suhaila binti Vuai, kwa mikono yake. Na wote mliokuwapo Wingwi Alhamisi ile, nilikudanganyeni. Fundi ni yeye."

Msikiti ulinguruma kwa minong'ono. Juu ya minong'ono ile ikasikika bakora ikigonga sakafu, na sauti ya Mzee Nassor karibu kabisa na spika: "Mtaje, Shehe, na uandike. Andika hivyo hivyo alivyosema."

Shehe akakohoa, akaanza upya. Safari hii aliitaja, akiitamka silabi kwa silabi, na Haroub akajibu nimekubali kabla hajamaliza. Vigelegele vikapasua nyumba. Mardhiya ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, na Suhaila akaapa kutomsamehe kabla ya wiki mbili.

Chini msikitini injini iliwaka. Ilikuja inapanda mlima na bwana harusi ndani yake, na Suhaila, machozi yanaharibu wanja wote, aliinamisha kichwa upande akaisikiliza kona kwa kona mpaka ikasimama mlangoni. Haikukosa hata pigo moja.

"Sasa unalia nini?" mama yake alimnong'oneza, naye mwenyewe analia. "Si kakutaja? Kataja kila kitu."

"Hakutaja kila kitu," alisema Suhaila, akivuta kamasi, akiirudisha bangili mkononi. "Kasahau kusema ya midomo minne."